Mchicha Wenye Matundu

Katika soko la Ukunda, upande ule wa mwisho ambako akina mama wa vijijini hutandika magunia yao chini, mteja wa kwanza wa siku hafukuzwi. Anaweza kutaja bei ya matusi, akatajiwa nyingine, akakunja uso na kugeuka aende zake, ataitwa. Akiondoka mikono mitupu, siku imekufa ikiwa bado changa. Kwa hiyo fungu la shilingi tano atapewa kwa tatu, na muuzaji atazipitisha zile sarafu juu ya mafungu yote yaliyobaki, aseme bismillahi, kisha azifunge katika pindo la leso kana kwamba amepokea mahari. Huko ndiko kufunguliwa biashara.

Jacinter, ambaye pale sokoni aliitwa Mama Joan, aliishi Ukunda miaka tisa bila kuujua utaratibu huo. Alikuwa akikunja mashuka katika hoteli moja ya Galu, na mtu anayekunja mashuka huingia sokoni jioni, wakati bei imekwisha kupoteza adabu yake ya asubuhi. Aliujua alipoachishwa kazi. Ilikuwa moja ya faida chache za kuachishwa kazi ambazo angeweza kuzitaja.

Aliachishwa mwezi wa Septemba, mwaka wa tisini na saba. Yaliyotokea Agosti, watu wa bara walipofukuzwa pwani, yanajulikana, na asiyeyajua aulize mtu mwingine. Kwa hoteli, maana yake ilikuwa kwamba wageni waliokuwa njiani waligeuza, waliokuwepo walipanda ndege, na mashuka yakabaki yamekunjwa bila kuhitaji mkunjaji. Joan, mwenye umri wa miaka saba, alipelekwa bara kwa bibi yake. Majirani wengi wa Jacinter waliondoka na makochi yao juu ya malori. Yeye hakuondoka, kwa sababu mumewe hakuwa mtu wa kupandishwa lori.

Mume huyo, Justus, alikuwa mhudumu wa meza katika hoteli hiyo hiyo kwa miaka kumi na mmoja. Kazi yake ilikuwa meza za pembeni, wanakokaa wageni wanaouliza maswali. Wenzake walizikimbia meza hizo. Mgeni wa pembeni hutaka kujua nyanya imelimwa na nani, imenyunyiziwa nini, na samadi ilitoka kwa mnyama gani. Jikoni walikuwa na jibu moja kwa maswali yote, nalo lilikuwa hapana. Justus alikuwa akilibeba jibu hilo mpaka mezani juu ya kitambaa cheupe, akiinama kidogo.

Mmoja wa wageni hao alikuwa Mjerumani mzee, Bwana Dieter, ambaye madaktari wa kwao walimpa miezi sita. Akaja Galu misimu saba. Kila siku, kabla ya kula, alichukua jani moja kutoka sahanini, akaliinua kwenye mwanga, akafumba jicho moja. Akiona tundu alitabasamu na kula. Asipoona, sahani ilirudi jikoni. "Jani ambalo mdudu amelikataa," alimwambia Justus, "nami nalikataa." Wapishi walimcheka kwa misimu saba. Justus hakumcheka. Hakuwahi pia kufikiri kwamba Bwana Dieter, mbali na matundu, alikuwa na madaktari wawili, bima, na mtu wa kumbebea mkoba.

Justus alianza kupungua kabla ya Agosti. Kwanza ulikuwa mkanda, halafu zikawa suruali zenyewe, halafu kikohozi. Alikwenda hospitali, akaingizwa katika chumba, mlango ukafungwa. Alipotoka alimwambia mkewe, "Wamesema nile vizuri." Ulikuwa wakati ambao watu wengi walikuwa wakiambiwa wale vizuri, na hakuna aliyemuuliza mwenzake nusu ya pili ya maneno hayo.

Akaamua kula kama Bwana Dieter.

Katika hali nyingine uamuzi huo ungewafilisi, lakini hapa bahati ilifanya utani wake. Mboga iliyokuja kwa lori kutoka bara, iliyopangwa juu ya meza za mbao katikati ya soko, ilikuwa imenyunyiziwa dawa mpaka inang'aa. Mboga ya wale akina mama wa chini haikuwa na dawa yoyote, kwa sababu dawa hununuliwa. Kile ambacho Bwana Dieter alilipa zaidi ili kisiwemo katika chakula chake, wao walikikosa bure. Mchicha wao ulitobolewa, mnavu wao ulitafunwa, na majani yaliyoliwa zaidi waliwarudishia mbuzi.

Jacinter alikuwa na shilingi ishirini kwa siku, siku alizokuwa nazo, kwa kufua nguo za watu. Alipoujua utaratibu wa mteja wa kwanza aliutumia kama watu wa bara wanavyotumia kila kitu, yaani kwa ratiba. Kati ya wale akina mama, Menza alifika saa kumi na mbili na nusu, kwa miguu kutoka Kibundani. Kache alifika saa moja, kwa sababu ya mkwewe, ambaye hakuwa mtu wa kuachwa bila chai. Esha, wa mbali kuliko wote, alifika kutoka Mwabungo saa moja na nusu. Jacinter akawa wa kwanza kwa Menza, akazunguka, akawa wa kwanza kwa Kache, akazunguka tena, akamngoja Esha atue gunia. Mafungu matatu kwa shilingi tisa: mchicha, mnavu na mchunga.

"Huyu mwana anaamka kabla ya muadhini," alisema Kache, na siku hizo ilikuwa sifa.

"Mama Joan," Menza alimwambia mara ya kwanza, "hilo wadudu wameshakula. Chukua hili zima."

"Nataka hilo hilo."

"Hilo nimewawekea mbuzi!"

"Basi leo mbuzi ni mimi."

Wakacheka wote watatu. Menza akaongeza majani matatu juu, yote yameliwa, kama nyongeza ya heshima.

Saa sita mchana Jacinter alimpelekea mumewe jani moja bichi, kitandani karibu na dirisha. Justus aliliinua kwenye mwanga, akafumba jicho moja, akaligeuza. Kisha akasema kwa sauti yake ya hotelini, "Linafaa." Likapikwa, akala. Siku aliyokula, jioni yake alizungumza habari za kesho: paa linalovuja, barua ya Joan, hoteli itakapofunguliwa na nani atarudishwa kwanza. Siku asiyokula hakuzungumza. Jacinter hakuamini habari ya matundu. Aliamini kwamba mumewe akiliona tundu hula, na asipoliona hali. Hakuhitaji imani nyingine.

Mvua kubwa za mwisho wa mwaka ule zilileta wadudu wengi kuliko kawaida, na kwa wiki kadhaa Justus alikula kama mtu anayejiandaa kwa safari ya mbali.

Mwezi wa Januari, asubuhi moja, Jacinter alifika kwa Kache saa moja kamili.

"Shikamoo, Bi Kache."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa hajambo?"

"Hajambo, namshukuru Mungu. Nipe lile fungu la mnavu."

Kache hakunyoosha mkono. Aliyapanga upya mafungu ambayo yalikuwa yamepangwa tayari.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Ngoja mwingine afungue."

"Mwingine nani?"

"Yeyote."

Jacinter akatazama huku na huku. Sokoni kulikuwa na kuku, na mtu aliyelala juu ya mkokoteni wake.

"Kwani nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Ni mkono. Mkono hutoka kwa Mungu, hukuuchagua mwenyewe. Lakini mkono wako ni mzito, Mama Joan. Ukinifungulia, nyuma yako hapiti mtu."

"Hata mimi nimeona," alisema Menza kutoka kwenye gunia lake, bila kuinua uso. "Jumatatu umenifungulia, nimerudi na gunia. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano hukuja, nimeuza mafungu manne."

"Jumatano watu walikuwa wamelipwa mishahara!"

"Na sisi hatukatai. Lakini hukuja."

Hesabu yao haikuwa na kosa. Kabla Mama Joan hajaanza kufungua, biashara ilikuwapo. Tangu aanze, biashara imekufa. Kwamba yeye alianza kufungua kwa sababu hoteli zimefungwa, na kwamba wanunuzi walikuwa ni wafanyakazi wa hoteli hizo hizo, ni jambo ambalo mtu hulielewa vizuri akiwa amekaa kwenye kiti. Wao walikuwa wamekaa chini.

Na ni lazima isemwe kwamba hawakumfukuza. Hilo la kufukuza lilikwisha kufanywa na wengine, mwezi wa Agosti, kwa karatasi zisizo na jina la mwandishi. Menza hakuzipenda karatasi zile; wiki mbili nzima aliyaficha masanduku ya Jacinter chini ya kitanda chake, na mtu alipouliza alisema ni ya harusi. Hili lilikuwa jambo lingine. Hili lilikuwa la biashara.

Waliendelea kumwuzia, mradi asiwe wa kwanza. Tatizo lilikuwa kumpata wa kwanza. Jacinter alisimama pembeni, mbali kidogo ili asije akahesabiwa, akawatazama wapita njia kama mtu anayesubiri jamaa yake ashuke kwenye basi. Siku nyingine mteja alifika saa tatu. Siku nyingine saa tano. Naye akifika huchukua kwa bei ya kufungua, na Jacinter alilipa tano kamili kwa mboga iliyolegea.

Akajaribu kumtumia jirani yake Chirau, aliyekuwa mlinzi wa hoteli na sasa hakuwa na cha kulinda. Chirau alikuwa Mdigo, mkono wake haukuwa na historia. Alinunua kwa Kache kwa shilingi tatu, akampa Jacinter, akadai tano.

"Mbili za nini, Chirau?"

"Na kazi ya mkono je?"

Ilikuwa bado nafuu, maana mboga ilikuwa mbichi. Ilidumu siku sita. Siku ya saba Kache alimwambia Chirau, kwa upole, kwamba hana ugomvi na mkono wake, lakini pesa zile anajua zililala wapi. Na ni kweli alikuwa hajauza.

Zikafuata siku ambazo Jacinter alirudi nyumbani saa sita bila kitu. Alinunua sukuma wiki ya kwenye meza, ile ya lori, akampelekea Justus jani. Lilikuwa zima, pana, limeng'aa kama sahani iliyofutwa. Justus aliliinua, akafumba jicho, akalirudisha.

"Hili hata mdudu limemshinda," alisema. Akala ugali kwa chumvi. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu hakula hata ugali, na jioni hakukuwa na habari za kesho.

Siku ya nne Jacinter alifunga mlango wa jikoni. Alichomoa njiti ya mwavuli uliokufa, akaisugua juu ya jiwe, akayatandika majani ya sukuma wiki juu ya sinia na kuanza kuyatoboa. Alifanya kazi nzuri. Alikuwa mtu wa mashuka; mkono wake ulizoea mistari. Alipomaliza jani la kumi na tano alilishika kwenye mwanga, kama alivyoona likishikwa kila siku, na akaridhika.

Justus alilishika muda mrefu zaidi ya kawaida. Alilisogeza karibu, akalisogeza mbali.

"Mama Joan," alisema, "wadudu hawa wamepitia mafunzo ya hoteli."

"Kwa nini?"

"Wamekaa kwa nafasi. Kila mmoja na sahani yake, hakuna aliyemgusa mwenzake."

Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na Jacinter akamshika mabega mpaka kikamwachia.

"Kula, Baba Joan."

Akala yote. Alikuwa hajamaliza sahani tangu Krismasi, na Jacinter aliosha sahani ile akihesabu kwamba ameshinda.

Kesho yake alipompelekea jani, Justus alikuwa ameelekea ukutani.

"Linafaa," alisema.

Hakuwa ameligusa. Hakuwa amegeuka.

Jacinter alisimama na jani lake. Siku iliyofuata ikawa vivyo hivyo, na iliyofuata. Alikula alichopewa, vijiko viwili, vitatu, kama mhudumu anayemaliza zamu. Neno lilikuwa lile lile na sauti ilikuwa ile ile, lakini jicho halikufumbwa tena, maana hakukuwa na cha kutafuta. Bwana Dieter na misimu yake saba walikuwa wametolewa chumbani, na aliyewatoa alikuwa na njiti ya mwavuli mkononi.

Jumapili, badala ya kwenda kanisani, alitembea mpaka Mwabungo. Ni mwendo wa saa mbili na zaidi kwa mtu asiye na nauli. Alimkuta Esha katikati ya shamba lake la mchicha, akipalilia.

"Subhanallah! Mama Joan! Umekuja kwa miguu?"

"Shikamoo, Bi Esha."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hakuna. Sikuja kununua, najua hamwezi kuniuzia kabla ya mwingine. Nimekuja kuomba."

Esha alisimama, akajifuta mikono kwenye leso.

"Sokoni nina wenzangu," alisema. "Akisema Kache, nami nitasema. Hapa tuko mimi, Mungu, na hawa wadudu. Na kumpa mgonjwa si kuuza. Chuma."

Jacinter akachuma. Alichagua jani moja moja, akaligeuza, akalitazama ukingo. Sasa aliona alivyokosea. Tundu la mdudu halina umbo. Mdudu huanza hapa, akachoka, akaanza pale. Ukingo wake hukauka na kuwa kahawia, na chini ya jani huacha uchafu wake mweusi kama mbegu. Yeye alitoboa kama mtu anayetaka kusifiwa.

"Mgonjwa anayataka hivyo, yaliyoliwa?" Esha aliuliza.

"Alikuwa akiyataka."

Esha alimtazama. Alikwenda mwisho wa shamba, kwenye matuta aliyoyatelekeza kwa sababu wadudu wamezidi, akarudi na mzigo mwingine, akaufunga juu ya ule wa kwanza kwa kamba ya mgomba. Akamsindikiza mpaka barabarani.

Jacinter alifika nyumbani saa nane, mboga ameifunika kwa kanga yenye maji. Alichagua jani bora kuliko yote. Tundu lake lilikuwa pana kama kiganja cha mtoto, limechanika upande mmoja, na kwenye mshipa alibaki kiwavi wa kijani, hai, akiendelea na kazi yake.

"Baba Joan. Tazama. Mwenyewe yumo."

"Linafaa."

"Geuka kwanza utazame. Hili ni la Mwabungo. Nimelichuma kwa mkono wangu."

"Nimetazama, Mama Joan," alisema Justus kwa ukuta, kwa upole sana, kwa sauti aliyoitumia miaka kumi na mmoja kuwaambia wageni kwamba wasisumbuke, sahani ataiondoa yeye. "Linafaa."

Alifariki mwezi wa Aprili katika wodi ya Msambweni. Wenzake wa hoteli, waliobaki, walichanga. Mchango ulitosha jeneza, haukutosha safari ya mpaka kwao kando ya ziwa. Akazikwa Ukunda. Nduguze waliandika barua, ambayo Jacinter aliisoma mara moja. Menza, Kache na Esha walikuja matangani na mchele, wakakaa chini na wafiwa siku mbili bila kwenda sokoni. Walisema hawapotezi kitu.

Hawakupoteza kweli. Tangu Januari Jacinter alikuwa hajamfungulia mtu yeyote, na mafungu yaliendelea kurudi vijijini kama yalivyokuja. Mkono wake ulikuwa umeachishwa kazi miezi mitatu na hali haikubadilika hata kidogo. Hakuna aliyelisema jambo hilo. Si rahisi kulisema.

Mwezi wa Mei aliuza kitanda, akapata nauli ya kwenda kwa Joan. Asubuhi ya safari alipitia sokoni kuaga, begi begani. Ilikuwa saa moja. Menza alikuwa mgonjwa kwao, Esha alikuwa hajafika. Kache alikuwa peke yake.

"Ndiyo unakwenda?"

"Ndiyo nakwenda, Bi Kache. Nimekuja kuomba radhi, na kuaga."

"Radhi tuombe sisi." Kache alipanga mafungu yake, akayapanga tena. Kisha akasema, akiwa ametazama gunia, "Sijafunguliwa. Hebu nifungulie, mwanangu."

Jacinter akatua begi. Akachuchumaa, akayatazama mafungu yote, akachagua lililoliwa zaidi kwa sababu mkono ulikwenda wenyewe. Akatoa shilingi tatu. Kache akazipitisha juu ya mafungu, taratibu, mpaka la mwisho, akasema bismillahi, akazifunga katika pindo la leso. Wakapeana mikono.

Mchicha hausafiri mpaka ziwani. Jacinter aliuacha juu ya benchi pale stendi, na mbuzi waliupata kabla basi halijaondoka.

Siku ile Kache hakuuza fungu lingine. Jioni, Esha alipomwuliza nani alimfungulia, alisema hamkumbuki.